Nilibadilisha LNB mbili, risiva na waya wote, kumbe tatizo liko kilomita 36,000 juu

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya kufunga madishi, na kwa yeyote aliyewahi kumlipa fundi mara tatu kwa tatizo lilelile. Niko kwenye kazi hii tangu 2006, makao yangu Morogoro. Miaka mitatu ya mwanzo nilijiona fundi kamili. Nilijua kusoma dira, nilijua kukaza boliti bila kupoteza pembe, nilijua kusogeza dishi taratibu huku mwenzangu yuko ndani anapaza sauti: "Imepanda! Imeshuka! Rudisha!" Nilichokuwa sikijui ni satelaiti yenyewe. Nilifundishwa kuielekea. Inaishije, inatumia nini, inazeekaje, hakuna aliyeniambia wala mimi sikuuliza. Mwaka 2009 ujinga huo ulinigharimu, na ulimgharimu zaidi mteja wangu.

Alikuwa mzee mmoja wa Kilosa mwenye banda umiza: mabati, mabenchi, televisheni mbili, kiingilio shilingi 300 kwa mechi. Alitaka dishi kubwa la futi nane la masafa ya C, kwa sababu alisikia kuna satelaiti juu ya Bahari ya Hindi yenye chaneli za nje zisizolipiwa. Nikaenda Ijumaa, tukasimika nguzo na kumwaga zege. Jumamosi asubuhi nikapachika dishi, na kufika saa nne ubora wa mawimbi ulikuwa asilimia 80. Picha safi kabisa. Mzee akanilipa palepale, akanisindikiza mpaka stendi.

Saa mbili usiku simu ikaita. Nyuma ya sauti yake nilisikia kelele za watu. "Fundi, chenga tupu. Watu wanadai hela zao." Nikamwambia azime, awashe, aangalie konekta. Haikusaidia. Usiku ule alirudisha viingilio vya watu zaidi ya arobaini.

Jumapili nikarudi, nikafika jioni. Kweli, mawimbi hayapo. Nikalegeza boliti, nikasogeza dishi kidogo upande wa kulia, yakarudi, asilimia 80 tena. Nikasema upepo umelisukuma. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikalala hapohapo Kilosa kwa ndugu. Asubuhi nikapita kuaga, nikakuta chenga.

Hapo ndipo nilipoanza kosa langu kubwa, kosa ambalo naliona kwa mafundi wengi hadi leo: kubadilisha vitu kabla ya kufikiri. Nilisema LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ni mbovu, nikaleta nyingine kwa shilingi 30,000 za mzee. Ikakubali asubuhi, jioni ikakata. Nikasema waya, tukavuta mpya mita thelathini. Nikasema risiva inapata joto, nikamuuzia nyingine. Nikaleta LNB ya pili. Safari tano kwa basi katika wiki tatu. Kila nikiiweka sawa asubuhi, dishi linaelekea kushoto kidogo. Kila nikiiweka sawa jioni, linaelekea kulia. Jambo hilo niliona kwa macho yangu na mikono yangu, nikalipita tu.

Safari ya tano mzee hakunikaribisha kiti. Aliniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angenitukana: "Fundi, unanila." Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijaiba hata shilingi, lakini hela zake zilikuwa zimeisha kwa mikono yangu.

Aliyekuwa na jibu ni mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha pili, bila kujua kama analo. Alikuwa ameandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda saa ambayo picha inakata kila siku, ili babu yake asiuze viingilio saa hizo. Nilisoma: tarehe 3, saa 10:30 jioni. Tarehe 10, saa 10. Tarehe 18, saa 9:30 alasiri. Nikasimama pale mlangoni muda mrefu. LNB mbovu haifuati ratiba. Na ratiba ile ilikuwa inasogea.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kazi kwa mzee mmoja mstaafu pale mjini, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha ardhini cha mawasiliano ya satelaiti. Shikamoo, marahaba, nikapanda ngazi, nikaanza kumsimulia habari za Kilosa nikiwa juu ya paa. Akaniuliza: "Inakata mapema zaidi kila siku, siyo?" Ndiyo. "Kama dakika nne?" Nikashuka. Sikuwa nimemwambia hesabu hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaipiga. Kutoka tarehe 3 hadi tarehe 18 ni siku 15, na saa moja ina dakika 60. Dakika nne kwa siku.

Aliokota kijiti, akachora ardhini. Satelaiti ya televisheni, alisema, haikusimama. Inakimbia kilomita tatu na ushei kwa sekunde, kwenye duara lililo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Kwenye umbali huo mzunguko mmoja unachukua muda uleule ambao dunia inajizungusha, ndiyo maana sisi huku chini tunaiona kama imepigiliwa msumari. Na dunia haijizungushi kwa saa 24 kamili. Ni saa 23, dakika 56 na sekunde nne. Saa 24 ni za jua. Zile dakika nne alizoandika mjukuu kwa chaki zinatoka hapo: kitu kilichokuwa kinamsumbua mteja wangu kilikuwa kinafuata mzunguko wa dunia, si joto la risiva wala upepo.

Kisha akaniambia habari ya mafuta. Mwezi na jua vinaivuta satelaiti muda wote, vinauinamisha mzunguko wake kwa karibu nyuzi moja kila mwaka. Usipoizuia, itaanza kupanda kaskazini ya ikweta na kushuka kusini mara moja kila siku, na kwa mtu aliye chini itaonekana inachora namba nane nyembamba angani. Ili isitoke kwenye nafasi yake, ina injini ndogondogo zinazoisukuma irudi, na injini hizo zinakula mafuta iliyopanda nayo siku ya kurushwa. Hakuna wa kwenda kuijazia. Sehemu kubwa ya mafuta hayo inakwenda kwenye kuzuia kuyumba huko kwa kaskazini na kusini. Kwa hiyo satelaiti ikizeeka, mitambo yake bado mizima lakini mafuta yanakaribia kwisha, wenyewe huamua kuacha kuizuia. Wanabakiza mafuta kidogo ya kuifanya isisogee mashariki au magharibi ikaingilia jirani, na akiba ya kuipandisha juu zaidi, kama kilomita 300 hivi, siku ya kuizima. Kwa njia hiyo wanapata miaka kadhaa ya ziada. Vituo vikubwa havihangaiki, madishi yao yana mota yanaifuata. "Wewe, mwanangu," akasema, "umemfungia mteja dishi lililokwama kwenye zege, lifuate kitu kinachotembea."

Satelaiti niliyomuuzia mzee wa Kilosa ilikuwa kikongwe. Asubuhi iko kaskazini ya ikweta, jioni iko kusini, na dishi la futi nane lina jicho jembamba, kama nyuzi mbili tu. Dishi likitazama mashariki, kaskazini ni kushoto na kusini ni kulia. Ndiyo maana kushoto asubuhi, ndiyo maana kulia jioni.

Nilirudi Kilosa mara ya sita na nauli yangu. Nilimweleza mzee kila kitu, mbele ya mjukuu wake, nikamrudishia hela ya LNB zote mbili na ya risiva. Ya waya sikuwa nayo, nikamlipa kwa kazi mwaka uliofuata. Ningeweza kuelekeza dishi katikati ya safari yake ili picha ikate kidogo asubuhi na kidogo jioni, lakini kwa mtu anayeuza viingilio hilo si suluhisho. Tukalihamishia kwenye satelaiti nyingine iliyo imara, chaneli chache zaidi, ila zinazokaa. Tangu hapo, kabla sijamfungia mtu dishi, natafuta kwanza satelaiti ile ilirushwa mwaka gani, na kama bado inashikiliwa sawasawa. Taarifa hizo zipo wazi mtandaoni na hazilipiwi. Nyingi zimetengenezwa kwa maisha ya miaka 15 hivi. Ukikuta ina miaka 17, mwambie mteja kabla hajatoa hela.

Yule mstaafu nilimrudia mara nyingi, na mengi ninayoyajua ni yake. Alinionyesha kwamba satelaiti ni mtambo wa kurudisha mpira. Kituo cha ardhini kinarusha mawimbi juu, kwa masafa ya Ku, yale ya madishi madogo ya nyumbani, ni gigahezi 14 hivi. Antena inayapokea yakiwa dhaifu mno, transponda inayahamishia kwenye masafa mengine, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, inayakuza, na antena nyingine inayarudisha duniani. Masafa ya kupanda na ya kushuka yametenganishwa kwa sababu bila hivyo mtambo ungejisikia sauti yake wenyewe, kama spika inavyopiga mluzi ukiikaribia na maiki. Kwenda na kurudi ni robo sekunde. Hicho kikuza mawimbi cha transponda moja ya Ku hutoa kama wati 100 au 150, basi. Balbu mbili za zamani, zinamulika nusu bara kutoka kilomita 36,000. Siku aliponiambia hilo nilianza kuliheshimu dishi, na nilianza kuziheshimu nyuzi nusu nilizokuwa nikizipuuza.

Kwa sababu hiyo nawasihi: kwenye king'amuzi kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora. Nguvu inaweza kuwa 90 kwa sababu LNB inaleta kelele zake tu, au dishi limeshika satelaiti ya jirani. Na usikubali kuacha ubora 55 kwa kuwa leo picha ni nzuri. Leo hakuna wingu. Mawimbi ya Ku yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, mvua nzito inayameza. Ya C ni marefu karibu mara tatu yake na hupita bila shida kubwa. Ile tofauti kati ya 55 na 75 ndiyo itakayombeba mteja wako siku ya masika. Mteja akisema nusu ya chaneli zipo na nusu hazipo, usikimbilie paa: pima umeme unaofika kwenye LNB. Risiva hutuma volti 13 kupata mawimbi ya wima na volti 18 kupata ya ulalo. Waya mrefu wa bei ya chini unakula volti njiani, 18 ikifika 15 LNB inachanganyikiwa. Nimeokoa LNB nyingi nzima kwa kipimo hicho.

Kuna jambo la Septemba na Machi. Mara mbili kwa mwaka jua linapita nyuma kabisa ya satelaiti, na kwa dakika chache dishi linapokea kelele za jua kuliko mawimbi. Kwa sisi wa Morogoro na Dar es Salaam, satelaiti zilizo nyuzi 36 Mashariki (yaani juu ya ikweta kwenye longitudo hiyo), ambazo ziko karibu utosini (ukisimama Mogotio, kaskazini mwa Nakuru, iko juu ya kichwa chako), hupatwa na hali hiyo saa sita na nusu kwenda saa saba kasoro robo mchana. Zile za nyuzi 7 Mashariki, ni saa tisa kasoro. Tarehe ni kuzunguka 20 Septemba na 23 Machi, siku tano au sita mfululizo, isiyozidi dakika kumi kwa siku. Ukitoka nje wakati huo utaona mwanga uliokusanywa na dishi umetua usoni mwa LNB. Niligusa kifuniko cha plastiki siku moja, kilikuwa cha moto.

Nimeigeuza hali hiyo kuwa kipimo. Siku hizo, saa hizo, jua liko palepale ilipo satelaiti. Kama kivuli cha mwembe wa jirani kimeangukia dishi, basi mwembe unaziba. Huna haja ya kubishana na mwenye mti, muonyeshe kivuli. Majira hayohayo, usiku wa manane, satelaiti nayo inapita kwenye kivuli cha dunia, hata zaidi ya saa nzima siku ya katikati, paneli zake hazipati jua na inaendeshwa na betri. Sisi hatuoni hata chenga moja. Huo ni uhandisi ambao sichoki kuushangaa.

Jumamosi ya tarehe 21 Novemba 2015 simu zilianza mapema. Wateja wangu wawili waliokuwa kwenye nyuzi 17 Mashariki walipoteza kila kitu. Mmoja alikuwa ameshamwita fundi mwingine, na fundi alikuwa ameshafungua LNB. Mimi nilibeba dishi langu la majaribio, nikalielekeza uani kwangu. Nilipita masafa yote, C na Ku, wima na ulalo. Kimya. Satelaiti ikiwa mbovu transponda moja, nyingine husikika. Hapa hapakuwa na hata moja. Nikawapigia wote wawili: msibadilishe kitu, msilipe mtu, tatizo liko juu.

Ilikuwa Amos-5. Ilirushwa kutoka Baikonur tarehe 11 Desemba 2011, ikitarajiwa kuishi miaka 15, ikawa inahudumia Afrika karibu yote kwa masafa ya C. Mawasiliano nayo yalikatika asubuhi hiyo na hakuna aliyeweza kuiamrisha tena. Haikuwa imefikisha hata miaka minne. Yule kikongwe wa Kilosa alikufa kwa uzee, polepole, akaaga kwa miaka. Huyu alianguka ghafla. Sikumtoza mtu hela siku ile, na nilipanda paa moja tu, kumfungia yule aliyeita fundi mwingine LNB yake iliyokuwa imeshafunguliwa. Chaneli nyingi zilihamia satelaiti nyingine siku zilizofuata, nikazifuata kwa kugeuza madishi, hiyo ndiyo kazi niliyolipwa. Nafasi ile ya nyuzi 17 ilipata satelaiti mpya, Amos-17, iliyorushwa Agosti 2019.

Mambo yakipangwa vizuri mteja hajui kabisa kama kuna kilichobadilika. Novemba 2009, wakati mimi nahangaika na boliti Kilosa, ilirushwa satelaiti iliyoitwa W7, baadaye Eutelsat 36B, ikaenda nyuzi 36 Mashariki. Familia nyingi za Afrika Mashariki zimetazama kupitia kwake. Miaka 15 ikikaribia, tarehe 30 Machi 2024 ikarushwa Eutelsat 36D kwa roketi ya Falcon 9 kwenda nafasi hiyohiyo. Mpya inakaa karibu na ya zamani, ndani ya jicho lilelile la dishi lako, na chaneli zinahama moja baada ya nyingine. Hiyo mpya hutumia umeme wa paneli zake kuisukuma gesi nje kwa kasi kubwa sana, hivyo mafuta kidogo yanakwenda mbali, ila safari ya kutoka ilipoachwa na roketi hadi kwenye nafasi yake huchukua miezi badala ya wiki. Eutelsat 7C ya nyuzi 7 nayo ilipanda hivyo: ilirushwa Juni 2019, ikaanza kazi Januari 2020. Madishi niliyofunga kwenye nafasi hizo sikuyagusa.

Machi iliyopita alinipigia mama mmoja mwenye saluni Kihonda. Saa sita na dakika 40 mchana. "Fundi, TV imekata, na hawa wateja wako katikati ya tamthilia, wataniacha." Nilitazama kalenda ukutani. Tarehe 23.

"Mama, toka nje kidogo, uliangalie dishi. Mwanga wa jua umeangukia wapi?"

Nilisikia malapa yake yakivuka uwanja. "Upo hapa kwenye kichwa chake, unang'aa."

"Basi rudi ndani uendelee kusuka. Usikate simu."

Akaiweka simu mezani. Nilisikia kitana, nilisikia mtu akilalamika kwamba amebanwa nywele, nilisikia mtoto akiambiwa aache kuchezea rimoti. Dakika ya saba nikasikia sauti ya mwigizaji, katikati ya sentensi, na saluni nzima ikashangilia.